Mahindi Yaliyokwenda kwa Ndila

Siku ile mjinga alikuwa Mbuvi. Alikuja kulikiri hilo mwenyewe baadaye, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo, lakini kukiri hakukumrudishia kitu.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwaka wa themanini na nne, njia ya kuingia soko la Ikutha. Mbuvi, fundi wa baiskeli, alikuwa anasukuma baiskeli ya mteja yenye pancha mbele na nyuma alipolazimika kusimama, kwa sababu mahindi yalikuwa yanavuka barabara. Yalikuwa yale ya njano, ya msaada kutoka ng'ambo. Punje zilishika mstari mmoja kama siafu, zikienda bila haraka. Jogoo mmoja alizisogelea. Mwanamke aliyebeba kuni akamfukuza. "Toka hapa, hizo ni za Mwaitu Ndila," akasema, kisha akaendelea na safari yake.

Kila mtu alijua ni za Ndila. Mjane huyo, ambaye watu walimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, alikuwa analea wajukuu wanne, na kwa wiki mbili sasa, kila alfajiri, alipiga magoti akaomba chakula cha siku hiyo, akaacha karai mlangoni. Punje zilipanda ukingo wa karai moja moja hadi zikafika nusu gorogoro, yaani nusu ya mkebe wa kilo mbili, kisha zikakoma. Hazikuzidi hata Jumapili. Ndila alizitwanga kuondoa maganda, akapika muthokoi, wakala, zikaisha.

Majirani walijaribu pia. Mbuvi aliomba akiwa ametandika gunia tupu la kilo tisini, na kulipokucha akakuta mjusi ndani yake.

"Wewe hukuomba chakula," Ndila alimwambia. "Uliomba duka."

Mbuvi alicheka sana. Lakini mkewe Nthenya, ambaye alikuwa ananyonyesha mtoto wa miezi miwili na maziwa yanakauka, hakuomba duka. Aliweka bakuli dogo la bati, akaomba kwa machozi. Bakuli likabaki tupu, na mtoto akaendelea kulia bila sauti.

Ndiyo maana Jumanne hiyo Mbuvi hakungoja mstari upite. Aliegemeza baiskeli, akaufuata kinyume, kule ulikotoka. Ulipita nyuma ya bucha iliyofungwa, ukakata uwanja wa kanisa, ukaishia kwenye ufa chini ya ukuta wa stoo. Akaweka jicho kwenye ufa. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi kwenye mabati.

Sasa, stoo hiyo ilikuwa na kufuli moja, kufuli lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo ulikaa kwenye mfuko wa koti la Mzee Mwangangi, mwenyekiti wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya msaada. Huyo ndiye aliyekuwa akiwatangazia watu, mwezi mzima, kuwa lori la mahindi halijafika. Mtu mwenye akili angejumlisha. Mbuvi hakujumlisha. Alikimbia hadi kwa mwenyekiti, akabisha hodi akihema, kumpelekea habari njema.

"Mzee, mahindi yapo! Yako ndani ya stoo ya kanisa! Labda yaliletwa ukiwa safarini!"

Mzee Mwangangi alikuwa anakunywa chai ya maziwa. Akaweka kikombe chini polepole.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna, mzee. Nimekuja kwako kwanza."

"Umefanya jambo la hekima, kijana. Mungu akubariki."

Mbuvi akaenda nyumbani, akamwambia Nthenya atafute sufuria kubwa.

Mchana huo huo ufa ulizibwa kwa simiti. Jumatano punje zikapita chini ya mlango. Mlango ukapigiliwa bati, na Alhamisi zikapanda ukutani kwa ndani, zikatokea kwenye paa na kuteremka na mfereji wa maji ya mvua, ambao ulikuwa haujaona maji tangu mwaka uliotangulia. Jioni hiyo, jua likiwa bado juu na watu wakitazama, lori lisilo na maandishi ubavuni lilirudi kinyumenyume hadi mlangoni, likapakia, likaenda Emali, mji wa mbali ng'ambo ya Mto Athi. Huo ulikuwa mwaka ambao mtu alikufa njaa akiwa ameshika pesa mkononi, kwa kuwa maduka hayakuwa na kitu, na mwenye mahindi ya kuuza Emali hakuwa na haja ya kuita wateja.

Ijumaa asubuhi karai la Ndila lilikuwa tupu. Ndila hakulalamika. Alisema safari imekuwa ndefu. Punje zilifika saa kumi jioni zikiwa na vumbi jekundu, nusu gorogoro ile ile. Dereva mmoja aliyezipita kwenye daraja la Mto Athi alisema zilikuwa zimeshika upande wa kushoto wa barabara, inavyotakiwa.

Tangu Jumatano Ndila alikuwa anamletea Nthenya bakuli la uji. Mbuvi alidhani kipimo kimeongezwa. Jumamosi, Ndila alipokuwa anajifunga leso, Mbuvi aliona inamzunguka mara mbili na ncha kubaki.

"Mwaitu, wewe unakula saa ngapi?"

"Nikishiba nitakuambia. Mpe mkeo anywe kabla haujapoa."

Maziwa ya Nthenya yalirudi kidogo, ya kutosha mtoto kulia akasikika.

Akasikika hadi kanisani Jumapili. Baada ya ibada watu walibaki kuchagua kamati, kwa sababu lori la pili lilikuwa linatarajiwa.

"Bwana asifiwe!" Mzee Mwangangi alisema.

"Asifiwe!"

"Kuna ndugu wananung'unika. Yesu alisema tusisumbukie ya kesho. Mtazameni Mama Ndila. Shamba lake halikuzaa, hana mtoto wa kumtumia kitu kutoka Nairobi, lakini anakula kila siku. Mngekuwa na imani yake, mngeuliza habari za lori?"

Watu wakaitikia amina. Kisha akaomba wanaomtaka aendelee wainue mikono, na mikono ikapanda, maana anayeacha mkono chini jina lake linaweza kusahaulika orodha ya msaada ikiandikwa. Mwangangi akapita bila kupingwa. Ufunguo haukutoka mfukoni.

Mbuvi akasimama. "Mzee, nina swali."

"Fundi, hapa hatuzibi pancha."

Watu wakacheka. Mbuvi naye akacheka, kwa mazoea, halafu akauliza.

"Magunia niliyokuambia Jumanne yako wapi?"

"Magunia gani?"

"Yaliyokwenda Emali! Mke wangu amepiga magoti mpaka ngozi imetoka. Yeye hana imani? Na huyu mtoto unayemsikia, naye hana imani? Ni dhambi gani amefanya, kuzaliwa karibu na stoo yako?"

Wazee wa kanisa waliangalia viatu vyao. Mzee Mwangangi alipangusa miwani kwa kitambaa, bila haraka.

"Kijana, unashindana na mimi au na Mungu? Hebu tumuulize mwenyewe. Mama Ndila, simama uwaambie. Mungu amekupa chakula, au hajakupa?"

Ndila alisimama kwa kushika benchi la mbele.

"Amenipa, mzee. Hajakosa hata siku moja."

Mwenyekiti akavaa miwani, akamgeukia Mbuvi. "Umesikia. Basi maneno yameisha."

"Bado," Ndila akasema. "Mungu amenilisha, lakini wewe ndiye uliyemlazimisha aibe."