Petroli Imekwisha, Oili Imejaa

Katika kijiji cha Granliden watu hawasemi ndiyo. Wanaivuta. Ukimuuliza mtu kama ameshakula, anabana midomo na kuvuta pumzi kidogo, kama aliyeonja chai ya moto, na hilo ndilo jibu. Neno lenyewe limeachiwa wageni wa kusini. Ndiyo maana Ijumaa ile Tuva alipompigia baba yake simu kutoka mjini Umeå na kumuuliza kama anatumia msumeno mpya, na mzee Evert akajibu "Ndiyo" kwa sauti kavu ya mtu anayesoma tangazo kanisani, binti alijua kuna jambo.

"Ule mpya, baba?"

"Ndiyo, nimesema. Nimekupa ndiyo mbili, wataka na ya tatu?"

Tuva hakulala vizuri. Asubuhi aliwasha gari akaenda.

Chanzo chake kilikuwa ajali ya Pasaka. Evert alikuwa na msumeno wa mnyororo alioununua mwaka aliooa, mwekundu, mzito kama ndama, usio na breki ya mnyororo. Siku ile ncha yake iligonga tawi lililojificha, msumeno ukaruka na kumrudia, ukamchana bega hadi mfupa ukaonekana. Alipotoka hospitali, watoto wake wawili walimkalisha kitako. Rikard, kaka yake Tuva, ndiye aliyesema: ule wa zamani usikate mti tena. Ukikata hata mmoja, msitu unauzwa. Evert alitazama dirishani, akabana midomo na kuvuta pumzi.

Wakamnunulia mpya. Ulikuwa na breki, na mpini uliolazwa juu ya springi ili mikono isitetemeke, na ndani yake kidude kilichohesabu muda injini inapounguruma na kuupeleka kwenye simu za watoto. Rikard alikitazama kutoka Stockholm kila jioni, kama mtu anayetazama hali ya hewa.

"Huo si msumeno," Evert alisema siku ya kwanza. "Ni jasusi mwenye meno."

Tuva alipofika alimkuta jikoni na jirani yao Sixten, dereva mstaafu wa mashine kubwa za kukatia miti. Walikuwa wanakunywa kahawa yenye vipande vya jibini vilivyozama ndani ya kikombe, na ubishi wao ulikuwa umeshapamba moto.

"Wa zamani unautengeneza kwa bisibisi moja na matusi mawili," Evert alikuwa akisema. "Huu wa leo ukiugua unataka kompyuta."

"Lakini hauugui!" Sixten alijibu. "Wako mwekundu unaugua kila Jumatatu, kama mlevi. Tena wewe bwana, bega lako limeshonwa kama gunia, bado unausifu?"

"Bega ni kosa langu. Msumeno haukukosea."

"Haya. Na mke akikupiga, kosa ni la shavu lako."

Tuva alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwa baba yake. Mzee hakucheka. Alishika kikombe kwa viganja vyote viwili, kama mtu aliyeokota kinda lililoanguka kutoka kiotani, na alipoona anatazamwa, alikiweka mezani.

"Umekuja kunichunguza?"

"Nimekuja kukuona, baba."

"Kuona na kuchunguza ni mapacha."

Sixten aliinuka, akavaa kofia, akasema amekumbuka mbwa wake. Hakuwa na mbwa.

Evert alipojilaza baada ya chakula, Tuva alikwenda bandani. Aliona haya, kama mtu anayefungua mkoba wa mwenzake, lakini alikwenda. Misumeno yote miwili ilikuwa juu ya meza ya kazi. Alifungua mfuniko wa petroli wa ule mpya: tangi lilikuwa tupu. Akafungua wa oili, ile inayolainisha mnyororo unapozunguka. Oili ilikuwa imejaa hadi shingoni.

Tuva alisimama na mfuniko mkononi. Mtoto yeyote wa kijiji kile anajua kwamba matangi hayo mawili hujazwa pamoja na huisha pamoja. Petroli ikiisha na oili ikabaki, maana yake injini iliwaka lakini mnyororo haukuzunguka. Msumeno uliunguruma mahali fulani bila kukata kitu. Na simu yake ilikuwa imeonyesha saa nzuri wiki nzima!

Basi, mzee anauwasha mpya, anauweka juu ya kisiki umdanganye Rikard, huku yeye anakata kwa ule mwekundu. Hivyo ndivyo Tuva alivyowaza, na kila alichokiona baada ya hapo kilikubaliana naye. Ule mwekundu haukuwa na vumbi: anautumia. Koti la baba yake halikunuka petroli: amelifua. Alipotoka nje, rundo la kuni za majira yale lilikuwa dogo kuliko alivyotegemea: anazificha. Shaka haikosi chakula.

Alijua anachopaswa kufanya. Alikuwa amemwahidi Rikard kumwambia atakachokiona. Neno moja tu kwenye simu, na msitu ambao babu yake aliupanda kwa mkono ungepata mmiliki mpya kabla ya Krismasi.

Alasiri Evert alifunga tela dogo nyuma ya pikipiki yake ya magurudumu manne.

"Natoka kidogo. Wewe pumzika, mwanangu. Barabara ilikuwa ndefu."

"Unakwenda na msumeno gani?"

"Mimi si mtoto wa kutishiwa nyau, Tuva. Nakwenda na msumeno."

Alipotoweka, Tuva alichungulia bandani. Meza ilikuwa tupu. Amebeba yote miwili.

Alifuata alama za magurudumu kwa miguu. Jalidi ilikuwa haijayeyuka kwenye vivuli, na nyasi zilivunjika chini ya buti zake. Mbele, kati ya misonobari, aliusikia ule mpya ukinguruma polepole, sauti ile ile, haipandi wala haishuki, kama paka aliyelala. Alisimama kando ya mti na kungoja sauti ya pili, ule mngurumo mzito wa mwekundu alioujua tangu utotoni. Hakusogea, maana mtu hamkaribii anayekata mti. Alingoja. Sauti ya pili haikuja.

Ndipo hofu ilipomshika, akakimbilia kule sauti ilikotoka.

Msumeno mpya ulikuwa juu ya kisiki, unaunguruma peke yake. Hatua chache kutoka pale baba yake alikuwa ameketi kwenye gogo, mzima, mikono ameisokomeza makwapani. Ule mwekundu ulikuwa miguuni pake, na kamba yake ya kuwashia imening'inia nje kama ulimi.

"Nilijua," alisema bila kugeuka. "Rikard amekutuma."

"Baba, umekata na ule mwekundu?"

"Tazama. Unaona mti umeanguka hapa?"

Hapakuwa na mti ulioanguka. Hapakuwa na hata chembe ya unga wa mbao juu ya jalidi.

"Basi unafanya nini?"

Evert alitoa mikono makwapani. Vidole vinne vya kulia vilikuwa vyeupe kabisa, vyeupe kama nta, na mpaka wa weupe ulikuwa umechorwa kwenye kiungo kama kwa rula.

"Agosti niliutumia mpya. Mzuri, sikatai. Baridi ilipoingia, vidole vikafa. Sijui kama nimegusa kifyatulio au sijakigusa. Sasa mtu asiyejua kidole chake kiko wapi akate mti?" Aliusukuma mwekundu kwa buti. "Huyu ndiye aliyevila. Majira thelathini ya baridi ananitikisa, mimi namsifu. Leo nimemvuta kamba nione tu kama bado naweza. Hata kukohoa hakukohoa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie, umwambie Rikard, aseme mzee amekwisha, uzeni." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Saa zikionekana, msitu wangu upo. Ule mpya ni bora, Tuva. Ningeupata nikiwa kijana, ningekuwa na vidole. Lakini usimwambie Sixten."

Simu ililia mfukoni mwa Tuva. Lilikuwa jina la kaka yake. Evert aliliona, akageuza uso kuelekea misonobari.

"Umeshafika?" Rikard aliuliza. "Niambie kweli. Anakata kwa ule wa zamani?"

"Hapana."

"Una uhakika?"

"Nimesimama karibu naye. Haujakata mti."

"Basi kazi inakwenda?"

Tuva alikwenda kwenye kisiki, akaunyanyua msumeno mpya kwa mkono mmoja, mwepesi kuliko alivyodhani, na kubana kifyatulio. Sauti ilipanda hadi vilele vya miti.

"Unasikia?" alipiga kelele.

"Nasikia! Mwambie asichoke!"

Alikata simu. Baba yake alikuwa amesimama.

"Umemdanganya kaka yako."

"Bado sijamdanganya. Nionyeshe mti."

Evert alimkagua kutoka kichwani hadi kwenye buti, kama mnunuzi wa farasi asiyemwamini muuzaji.

"Na wewe unataka nini katika haya?"

"Sitaki kitu, baba."

"Kila mtu anataka kitu," alisema, lakini alivua kofia yake ngumu na kumvalisha. Kisha akamvulia suruali ya kinga, akabaki anatetemeka ndani ya ile ya sufu, akatembea taratibu hadi kwenye msonobari mwembamba ulioinamia bondeni. Akaugonga kwa kiwiko, kwa sababu vidole havikuwa na habari.

"Huu. Kidole gumba chini ya mpini, si juu. Chini! Nani alikufundisha kushika hivyo?"

"Wewe."

"Uongo," alisema Evert, akarudi nyuma umbali wa kutosha, macho yake yasibanduke mikononi mwa binti yake.