Dadu Haiulizwi Kuhusu Kifungo

Usiku wa jana, kabla hata sijageuka ubavu wa pili, niliota nimesimama nje ya lango la mji wa joka, mkononi nimeshika kitu nisichokijua.

Mji wenyewe naufahamu vizuri, maana niliutunga mimi. Kila Jumamosi tunakutana barazani kwa Edna Shija, hapa Tabora, tunacheza mchezo wa kusimulia. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, mimi naongoza hadithi. Mchezaji akiuliza, "Mtu wangu analijua hili?" namjibu, "Rusha dadu." Dadu yetu ina nyuso ishirini. Ikitoa namba kubwa, mtu wake anajua. Ikitoa ndogo hajui, hata kama mchezaji mwenyewe analijua fika.

Jumamosi iliyopita Edna alinikasirikia. Mtu wake ni mganga mzee, na dadu ilisema halijui jani la homa. Mgonjwa akafa.

"Maganga," aliniambia, "mtu kazi ameifanya maisha yake yote, leo unamrushia dadu?"

Nilimwambia kanuni ni kanuni.

Sasa dadu hiyo hiyo iko miguuni pangu, kubwa kama stuli, na kila uso una mdomo.

"Rusha," inasema.

"Ili iweje?"

"Ujue umeshika nini."

Naisukuma kwa mguu. Inabiringika, inasimama kwenye kumi na nne.

"Ni mwiko wa ugali."

"Hilo ningelijua bila wewe."

"Mbona hukulijua?"

Nauchomeka mwiko kiunoni, mahali pa upanga.

Lango linakohoa. Ni la mbao na lina mafua. "Taja jina la baba yako, upite."

Hiyo rahisi, nawaza. Naisukuma dadu. Nne.

Jina linanitoka kichwani kama mgeni anayeondoka bila kuaga. Natafuta hata herufi yake ya kwanza, hola.

"Nalijua!" napiga kelele. "Nimelijua tangu sijaota meno!"

"Wewe unalijua," dadu inasema kwa upole. "Mtu wako halijui. Na aliyesimama hapa ni mtu wako."

Niliogopa. Joka lenyewe lisingeniogopesha vile.

Kwenye upenyo wa lango naona uwanja wa mji. Joka halipo. Ipo cherehani, na nyuma yake amekaa baba.

Baba alikuwa fundi cherehani mpaka alipoanza kusahau. Siku hizi naishi naye. Kila asubuhi kabla ya chai namuuliza, "Baba, mimi nani?" Kuna siku anasema Maganga. Kuna siku ananitazama kwa adabu, kisha ananikaribisha kiti. Siku hizo nakwenda kazini moyo umenivunjika.

Dadu inapenya chini ya lango, inabiringika mpaka kwake. "Mzee, unamjua kijana aliye nje?"

Inasimama kwenye moja.

"Simjui," anasema baba.

"Asiyekujua hakuthamini," lango linanidokeza.

"Lakini mwambieni aingie," baba anaongeza, "jua kali."

"Rusha tena!" naiambia dadu. "Tafadhali!"

"Huchoki?" inauliza. "Unapomuuliza kila asubuhi 'mimi nani', unadhani unafanya nini? Unanirusha mimi."

Aibu ilinishika. Ndipo maneno ya Edna yakanirudia.

"Na kazi ya mikono yake?" nauliza. "Nayo inarushiwa dadu?"

Midomo ishirini inanong'onezana muda mrefu. Mmoja unataka kwanza uletewe chai.

"Hapana," dadu inasema hatimaye. "Alichokifanya maisha yake yote hakirushiwi."

Basi nasogea kwenye upenyo, nasimama wima. Baba anainua macho. Usoni hanitazami. Anatazama shati langu la bluu la kazini, ambalo kifungo chake cha tatu kilidondoka kitambo nami sikujishughulisha.

"Wewe kijana, unatembeaje kifua wazi? Hebu njoo."

"Na jina?" lango linauliza.

"Jina baadaye. Kwanza kifungo."

Lango linafikiri, linapiga chafya, linafunguka.

Naingia, na uwanja tayari ni kile chumba chake cha kazi cha zamani, mafuta ya cherehani yananukia. Anatafuta uzi wa bluu, hauoni. Anachukua wa kijani. Anashona bila miwani, anauzungusha uzi chini ya kifungo, anakaza. Vidole havisiti hata mara moja. Anainama aukate uzi kwa meno, na mimi naamka kabla hajaukata.

Kulikuwa kumekucha. Shati lilikuwa nyuma ya mlango, pale pale nilipolitundika. Kifungo cha tatu kilikuwapo, kimeshonwa kwa uzi wa kijani, ncha yake ikining'inia.

Nililivaa nikaenda sebuleni. Baba alikuwa mezani, mikono juu ya meza.

"Karibu, mgeni," alisema, akanisogezea kiti.

Swali lilinifika ulimini. Nikalimeza, nikakaa karibu naye. Aliitazama ncha ile ya uzi, akaguna kama fundi aliyekuta kazi yake haijaisha, akainama kifuani pangu, akaikata kwa meno.

"Haya," alisema. "Sasa kunywa chai."