Washa Iliyobaki Kwenye Sinia

Mimi si mtu wa kukaa. Nikiwa na kazi natembea, nikikosa kazi natembea zaidi, na asubuhi ile nilishakwenda mara mbili kwenye duka la vipuri kufuata gasketi ya kazi nyingine, ambayo mwenye duka aliapa anayo, kumbe hana. Niliporudi mara ya pili, saa tano na ushee, nilikuta baba ameshafunga injini ya pikipiki ya Mama Honi. Alikuwa kwenye kiti chake cha mbao anafuta mikono kwa tambara, uso umemkunjuka.

"Imekwisha," akaniambia. "Gia ya pili hairuki tena, hata ukiipandisha ukutani."

Mama Honi ni mkunga. Huzunguka vilimani na pikipiki yake kuwafuata wajawazito wasioweza kushuka, na jina alilipata kwa kupiga honi hata akipishana na kuku. Wiki nzima gia ya pili ilikuwa ikimtoka kila akipanda mlima: injini inavuma bure, pikipiki inaanza kurudi nyuma. Jana yake tuliipasua injini, mimi na baba, tukakuta meno ya gia yamelika na uma unaoisukuma umepinda. Tukanunua vipya, pamoja na vidude vidogo vinavyokwenda navyo. Kilichobaki kilikuwa kupanga na kufunga, na kufunga giaboksi ni kazi ya baba. Hawamwiti Mzee Gia bure.

Nikaenda mezani kumwaga mafuta ya taa tuliyooshea vyuma. Kwenye kitako cha sinia tuliyooshea, ndani ya mafuta machafu, kulikuwa na washa.

Washa ni kipete tu cha chuma, chembamba, upana wake kama mdomo wa chupa. Hukaa mwishoni mwa shafti, chuma kinachobeba gia, na kuzuia gia zisitembee. Ikikosekana, gia husogea kidogo kidogo mpaka siku moja gia mbili zinashikana kwa pamoja, na tairi la nyuma linajifunga ghafla. Hilo likimkuta mtu kwenye mteremko, hana la kufanya.

Mwezi uliopita baba alisahau kukaza bolti ya oili kwenye pikipiki ya msambaza mikate. Oili ikamwagika yote njiani, injini ikafa. Nilimfokea baba yangu mbele ya watu, sifichi, na jioni yake tukakubaliana kwamba akikosea tena hagusi injini ya mtu. Alinipa mkono yeye mwenyewe. Ameshika spana miaka arobaini, na wa kumwambia basi nilikuwa mimi. Sasa sababu nilikuwa nayo vidoleni, inadondosha mafuta ya taa, na sikuitaka hata kidogo.

Nikaitia mfukoni. Mama Honi angefika saa nane. Nikijituma ningeweza kufungua, kuiweka mahali pake na kufunga tena, na baba asijue kitu. Ilibidi tu aondoke.

"Baba, si ukajinyooshe kidogo? Umechoka."

"Silali mchana. Mimi si paka."

"Basi nenda kwa kinyozi, saa hizi hana foleni."

"Nilinyolewa juzi. Anyoe nini, masikio?"

Nikamwambia nyumbani kuna chai. Akasema nimletee. Nikakimbia, nikaileta, akainywa palepale kwa mafunda madogo madogo, huku akiitazama ile pikipiki kama mzazi anayemtazama mwanawe akiwa na nguo mpya. Nilitamani kumbeba na kiti chake nikamtupe barabarani. Nilitamani pia kulia, na kipi kati ya hivyo viwili kilikuwa na nguvu zaidi sijui.

Saa sita ikapita. Nikafagia sakafu niliyokwisha kuifagia asubuhi. Nikapanga spana kwa ukubwa, nikazipangua, nikazipanga tena. Nikatoka nje kuangalia barabara, nikarudi. Kila nikiinama, washa ilinichoma pajani kupitia mfukoni.

"Una nini leo?" akauliza.

"Sina kitu."

"Asiye na kitu hapangi spana mara tatu."

Nikacheka kicheko cha uongo. Ilipogonga saa saba nilijua muda umenitupa mkono, lakini niliendelea kuzunguka mle ndani kama kwamba miguu ingenipatia akili.

Mama Honi akaja kabla ya wakati. Kwa kuwa pikipiki yake ilikuwa kwetu, siku hiyo alipiga honi kwa mdomo.

"Mzee wangu! Mafundi wangu! Iko tayari? Kuna mama kule juu uchungu umemshika tangu alfajiri, nimepigiwa simu mara mbili."

"Iko tayari, mama," baba akasema, na akainuka kumpa ufunguo kwa mikono miwili.

Akavaa kofia yake ya chuma. Akafunga mkoba nyuma, akawasha, injini ikaitika vizuri mno. Alipokanyaga gia ya kwanza nikaruka mbele nikashika usukani, nikachomoa ufunguo.

"Haiendi. Nimekosea mimi. Kuna washa nimeiacha nje."

Nikaitoa mfukoni.

Baba akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Wewe ulikuwa dukani," akasema taratibu.

"Baba, mimi ndiye niliyeosha vyuma, kwa hiyo..."

"Nilifunga peke yangu. Mama, kosa ni langu."

Akafungua vifungo vya ovaroli, kimoja kimoja, akaivua, akaikunja juu ya kiti. Hakuna aliyemwambia avue. Nilitaka ardhi ipasuke.

"Kosa mtagawana baadaye," Mama Honi akasema. "Mimi nina mtu ananisubiri."

Nikampa ufunguo wa pikipiki yangu iliyosimama nje. Akahamisha mkoba, akaondoka, na mpaka anakata kona tulikuwa tunasikia honi.

Tukabaki wawili. Nikamwaga oili, nikatoa klachi, nikalegeza bolti moja baada ya nyingine. Baba alinishikia taa, amevaa shati lake la nyumbani. Nilifanya kazi haraka nikajikwaruza vidole viwili. Nikagonga kwa nyundo ya mpira, nusu mbili za injini zikaachana, nikainua ile ya juu.

Mwishoni mwa shafti kulikuwa na washa. Mpya, haijapata hata mkwaruzo, imekaa sawasawa.

Nikachukua ile ya mfukoni nikaiangalia kwa mara ya kwanza kama fundi. Upande mmoja ilikuwa imelika, imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Mtoto angeona. Mimi niliiona ndani ya sinia, nikaitia mfukoni, nikatembea nayo zaidi ya saa mbili bila kuitazama.

"Baba!" nikapiga kelele. "Uliibadilisha! Hii ni ile mbovu! Umeweka mpya, hukukosea kitu!"

Nilikuwa nacheka kwa nguvu. Nikakimbilia kiti, nikachukua ovaroli, nikaikung'uta nimvalishe mwenyewe. Nikamwambia anisamehe, nikamwambia nina kichwa kibovu, nikamwambia hakuna fundi kama yeye. Maneno yalinitoka tu.

Baba hakuinua mikono avae. Aliinama juu ya injini, akaisogeza taa karibu, akaigusa ile washa mpya kwa ncha ya kidole. Akaizungusha kidogo. Mimi nimesimama na ovaroli mikononi, kicheko kinanikauka.

"Sikumbuki kuiweka. Niliiweka saa ngapi?" akauliza.

Akanigeukia, akangoja nimwambie.