Baridi Iliyofika Chini

Mimi sijawahi kuoga baharini. Nimezaliwa Webuye, nimepanga Kitengela miaka tisa, na maji ya chumvi ninayoyajua ni yale ya kisima cha hapa kwetu, yanayoacha weupe kwenye sufuria. Lakini kazi yangu ni bahari.

Kampuni moja ya Nairobi imeniajiri kwa mkataba nikague vipimo vya joto vya bahari moja ya kaskazini, iliyozungukwa na nchi kavu karibu pande zote. Vyombo vimefungwa kwenye kamba ndefu, kuanzia karibu na juu mpaka mita elfu mbili chini. Kila namba inayoletwa naipa alama: moja ikiwa nzuri, nne ikiwa mbovu. Zenye nne hutupwa. Kazi naifanyia nyumbani, kwenye meza ya jikoni, na najivunia jicho langu. Mume wangu Otiende atawaambia kwamba najivunia kupita kiasi.

Mwezi wa sita nilikutana na vipimo vya majira ya baridi ya mwaka mmoja wa nyuma, ambapo kwa wiki tatu vyombo vyote, vya juu, vya kati na vya chini kabisa, vilisoma joto moja. Nani amewahi kuona maji ya namna hiyo? Hata tangi letu hapa nje, juu ni vuguvugu na chini ni baridi. Nikasema vyombo vimeganda. Nikapiga nne, nne, nne, nikaandika ripoti ya kibabe. Bosi wangu Munguti akanisifu kikaoni mbele ya wenzangu wote. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wiki ile nilitembea kama mwenye mtaa. Mkataba mpya wa miaka miwili ulikuwa njiani, na hesabu nzima ya bahari ile ingefungwa Ijumaa moja ya Julai, saa sita mchana. Baada ya hapo hakuna wa kuifungua.

Asubuhi ya Ijumaa hiyo, baada ya siku tatu za ile baridi ya Julai inayouma masikio, nilisikia mwenye nyumba wetu, Mzee Githongo, akipiga kelele nyuma ya ploti. Ana bwawa la samaki pale, refu kwenda chini kuliko lilivyohitaji kuwa, kwa sababu yeye hapendi kufanya kitu nusunusu.

"Nanjala, kuja uone! Wamenitilia sumu! Samaki yote imekufa!"

"Nani atakutilia sumu, Mzee?"

"Watu ni wabaya. Niko na maadui hapa!"

Ngege walikuwa wameelea tumbo juu, na maji yamekuwa meusi. Seleyian, anayetuletea maziwa kutoka upande wa Isinya, alikuwa ameshafika na madumu yake. Tukasalimiana, sopa, ipa, kisha akainama akanusa maji.

"Hakuna sumu, Baba Ciku," alimwambia Mzee. "Maji imegeuka."

"Imegeuka aje? Nani ameigeuza?"

"Baridi. Ya juu imeshikwa na baridi, ikakuwa nzito, ikaenda chini. Ile chafu ya chini ikakuja juu, na hiyo haina hewa. Samaki itapumua nini?"

Mzee aliokota ngege mmoja, akamgeuza mkononi.

"Kwa silanga yetu, ile bwawa ya ng'ombe," Seleyian aliendelea, "Julai ikiingia, mama mkwe anaweka mkono kwa maji ya juu, asikie baridi. Halafu anafunga jiwe kwa kibuyu, anateremsha na kamba, anachota ya chini. Juu na chini zikikuwa sawasawa, ng'ombe hazinywi siku mbili."

"Sawasawa?" niliuliza. "Juu na chini?"

"Eeh. Hapo ndio unajua imegeuka."

Nilimwacha Mzee na samaki wake bila hata kumpa pole, nikarudi mbio jikoni.

Nilifungua zile wiki tatu, na safari hii nikaanza na siku zilizotangulia, jambo ambalo mkaguzi mwenye akili angelifanya tangu mwanzo. Upepo wa baridi ulikuwa umevuma siku kumi. Chombo cha juu kilishuka kwanza, kisha cha pili yake, kisha cha tatu, kidogo kidogo mpaka chini. Vyombo havigandi kwa foleni. Bahari ilikuwa imegeuka.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Nisidanganye: nilikaa nusu saa nikifikiria kunyamaza. Nani angejua? Niliogopa kuupoteza mkataba, na niliona haya, na haya ndiyo iliyonikaba zaidi. Mwishowe nikampigia Munguti.

"Bosi, zile nne zangu si sawa. Mashine hazikuwa zimeharibika. Maji ndio iligeuka."

"Nanjala, hiyo ripoti nimeshapelekea client. Nimekusifu."

"Najua."

"Uko na evidence?"

"Niko nayo. Nakutumia saa hii."

"Ujue hii itaingia kwa mambo ya contract yako."

"Iingie."

Nilizibadilisha zote, nne kuwa moja, nikamaliza saa sita kasoro dakika nane. Mkataba niliopewa baadaye ulikuwa wa miezi mitatu, na Munguti siku hizi hukagua kazi yangu mara mbili. Hilo nimelimeza.

Kisichomezeka ni mchoro. Siku ile, hesabu ilipofungwa, niliuchora mstari wa joto la chini kabisa kwa miaka yote kumi na moja. Ulikuwa ukipanda mwaka hadi mwaka, maana majira mengine yote, baridi inayoshusha hewa ya juu iliishia katikati, haikufika chini, na maji ya kule yalikaa yakipata joto na kuishiwa hewa. Mahali pamoja tu mstari ulishuka, kwenye zile wiki tatu. Katika miaka kumi na moja bahari ile ilivuta pumzi mara moja hadi chini, na mimi niliipiga nne, nikaenda kupika chai.