Barafu ya Kwenda Mwingi

Kila mwaka masika yakiisha, hoteli yetu ya Shelly Beach ilifunguliwa kama nyumba iliyohamwa. Kuta zilipigwa rangi, magodoro yakaanikwa juani, na mimi na Musyoki tukaingia kwenye mitambo. Yeye fundi wa lifti, mimi fundi wa barafu. Meneja wetu, Bwana Keller, Mswisi, alituambia kwamba kwao nako huwa vivyo hivyo baridi ikikaribia: watu hukagua viti vinavyoning'inia kwenye nyaya, na kujaribu mashine za kurushia theluji mlimani, ili wenye pesa wapandishwe juu kisha waserereke hadi chini. Musyoki akamuuliza, na wakishafika chini? Wanapandishwa tena. Tulicheka tukakosa adabu.

Lakini Keller alikumbuka kwao. Usiku wa kufungua msimu alitaka mlima wa barafu iliyosagwa katikati ya meza ya chakula, mrefu kuliko mtu, na mimi ndiye niliyeusaga na kuulimbikiza kwenye chumba cha baridi. Ya Wazungu ni mengi, nilisaga nikanyamaza.

Mwaka wa themanini na tisa, wageni wakitarajiwa kesho yake, Musyoki alikuwa juu akipaka grisi reli za lifti. Mguu ukateleza, akaanguka shimoni hadi chini, akafa pale pale. Polisi walikuja, wakaandika yao, wakaenda zao. Tulimlaza kwenye chumba cha kufulia, maana ndicho kilichokuwa wazi.

Mimi sikulia. Nilirudi kusaga barafu. Nilitaraji uchungu unijie, kama mtu aliyejigonga kidole, na haukuja.

Mzee Ishaka, bawabu wetu, ndiye aliyeshika mambo. Kwao Bofu, kijiji jirani na hoteli, na kwetu sote wa pwani, maiti hangojwi. Kufikia alasiri kaburi lilikwisha chimbwa pembeni mwa shamba la ukoo wake, na sanda imenunuliwa. Hakuna aliyesahau kwamba Musyoki ni Mkamba na ni Mkristo. Tuliona tu kwamba ni mgeni aliyefia mikononi mwetu, na mgeni kulala bila kusitiriwa ni aibu ya mwenyeji.

Mkewe, Mwikali, alifika kutoka Changamwe jua linapunga. Alikuwa bado na aproni ya kiwandani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kila kitu ki tayari, twakungoja wewe tu."

"Tayari kwa nini?"

"Kumsitiri."

Mwikali akatutazama mmoja mmoja, majembe yetu bado yana udongo.

"Baba, nashukuru. Mungu awabariki. Lakini Musyoki anaenda kwao Mwingi. Mama yake lazima amwone uso. Asipomwona atamngoja mpaka afe, atasema tulimficha mtoto wake."

"Na joto hili, mwanangu?" Ishaka aliuliza kwa upole.

Thoya, dereva wa lori la hoteli, alitazama chini. Mwingi ni usiku kucha na sehemu kubwa ya mchana wa pili, na barabara yenyewe ile. Hadi kufika, uso usingekuwa uso tena. Mwikali akanigeukia.

"Shemeji, wewe si ndiye wa barafu?"

Nikaenda kwa Keller. Alivua miwani, akaifuta. Si mtu mbaya. Lori alilitoa hapo hapo. Kuhusu barafu akasema, "Chukua nusu. Mlima mdogo pia ni mlima."

Nikachukua yote. Nusu ingemfikisha Voi, na Voi hakuna mama yake.

Sanda ya Mzee Ishaka ndiyo tuliyomvisha, tukamlaza kwenye jeneza aliloligonga seremala wa hoteli. Tulipanga magunia ya barafu kuzunguka jeneza, tukajaza unga wa mbao katikati ili isiyeyuke upesi. Vidole vyangu vilikufa ganzi, nikaona sawa, sasa mwili umekuwa kitu kimoja na moyo. Lori likashuka feri, Thoya na Mwikali wamekaa mbele. Ishaka akanichukua Bofu, kwa sababu kaburi likichimbwa haliachwi wazi likiita mtu mwingine. Tukakata mgomba, tukauzika. Nilitupa udongo kama mtu anayefanya kazi ya kibarua.

Kesho yake wageni walikuwa wanashuka ngazi wamependeza, na meza katikati ni tupu.

"Mwidani, mlima uko wapi?" Keller aliuliza.

"Umekwenda Mwingi."

Akaagiza maua yawekwe pale. Hakunisemesha msimu mzima, nami sikujali.

Thoya aliporudi alinikuta chini ya kompresa, nakaza boliti.

"Uso?" nikamuuliza.

"Mzima. Kama amelala."

"Alhamdulillahi," nikasema, nikaendelea kukaza.

Thoya hakuondoka. "Mama yake alimgusa shavu. Akasema maneno, Mwikali akanifasiria. Alisema, 'Nani amemwacha mtoto wangu kwenye baridi hivi?' Wallahi, Mwidani, yule mama alivua shuka yake akamfunika, kisha akamshika mikono akawa anamsugua apate joto. Walimwacha asugue. Hakuna aliyethubutu kumwondoa."

Spana ikanitoka mkononi. Nikalia pale pale chini, kwa sauti, na Thoya akakaa sakafuni akaningoja.