Sahani Iliyofunikwa Kando ya Kitanda

Fundi cherehani yule hakwenda kunyanyua vyuma kwa kutafuta sifa. Mama yake, aliyepooza miguu, alimponyoka mikononi mlangoni mwa bafu, na mjomba akatamka mbele ya wote kwamba akianguka tena atamchukua akakae kwake. Tangu siku hiyo fundi, ambaye mgongo wake ulizoea kuinamia cherehani tu, alipitia chumba cha mazoezi kila jioni kabla ya kurudi nyumbani.

Kunyanyua alifundishwa; kula ndiko kulikomvuruga akili. Mwalimu wa mazoezi alimwagiza ale wali, maharage na mayai mara amalizapo, wala asingoje njaa. Mkata vitambaa mwenzake kazini akamwonya kuwa chakula cha jioni hugeuka mafuta tumboni. Anywe maji alale. Jirani naye akashikilia matunda matupu. Kila mmoja alisema kwa uhakika wa hakimu, na fundi, ametota jasho, alisimama mbele ya duka asijue anunue nini, akaondoka mikono mitupu. Mashaka hayo yote alimmwagia mama yake huku akimkanda miguu.

Tangu hapo, kila alipoingia chumbani kwa mama, alikuta sahani imefunikwa juu ya kigoda kando ya kitanda: wali, maharage, mayai mawili.

"Chakula chako hicho. Mimi nimeshakula," mama alimwambia.

Katika nyumba ile anayerudi wa mwisho hula kilichofunikwa, na kuuliza ni nani aliyekifunika huhesabiwa utovu wa adabu. Fundi aliamini ni mdogo wake, ambaye hupika alasiri, humpelekea mama chakula, kisha huwahi zamu yake ya jioni. Akala, akamshukuru Mungu.

Faida ilionekana upesi. Mama aliyekuwa akimlemea kama gunia la mchanga sasa alinyanyuka kama mto wa kulalia. Lakini chuma cha kule mazoezini kilimkatalia katakata. Kilikuwa kilekile cha mwanzo, na kilimtetemesha vilevile.

"Nguvu bado, dada," mwalimu alisema. "Mwili hauna haraka."

"Mbona nyumbani namnyanyua mama kama si kitu?"

"Basi labda mama ndiye anayefanya mazoezi."

Watu wakacheka, naye akacheka. Njiani kicheko kilimkauka. Alijaribu kulipanga jambo lile kichwani kama apangavyo vipande vya gauni, lakini pindo halikukutana na pindo. Mikono ni hiyo hiyo. Iweje iwe na nguvu katika chumba kimoja na kuzikosa katika kingine?

Alimkuta mdogo wake bado yupo nyumbani, zamu imebadilishwa. Akamshukuru kwa sahani za kila siku. Mdogo wake alimkodolea macho.

"Sahani gani, dada? Mimi humpakulia mama tu, na mayai ni kwa agizo la daktari. Wewe nilijua unakula huko huko."

Fundi aliingia chumbani bila hata kubisha hodi. Alipitisha mkono chini ya mgongo wa mama, akazihisi mbavu moja moja. Mbavu zile zile alizozishika kila jioni huku akijisifu.

"Umekula nini leo, Mama?"

"Chai."

"Na jana?"

Mama aligeukia ukutani. "Usinihoji kama polisi. Ulisema hujui ule nini. Ukiishiwa nguvu, kaka yangu atanichukua, na mimi kwake siendi."

Fundi hakujua kama inampasa kulia au kugomba, wala kama mikono ile imemsaidia mama yake au imemnyang'anya tonge. Hatimaye alileta kijiko cha pili, akavuta kigoda, akaigawa sahani katikati.

"Kula, Mama. Nataka uwe mzito."

"Nikiwa mzito utaniangusha."

"Sitakuangusha," fundi alijibu, ingawa hakuwa na hakika.

Mama aliitazama mikono ya binti yake, kisha akafungua kinywa.