Mheshimiwa Hadaiwi

Mheshimiwa Telesphor aliwadharau wapiga kura wake kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu aliye ndani ya gari anavyoidharau mvua. Hakuwachukia. Kuchukia ni kazi, na yeye kazi ya bure hakuitaka. Aliwaona ni watu wa kukinga mikono tu: leo mbolea ya ruzuku, kesho kalvati, keshokutwa bomba la maji, na ukiwapa vyote watakinga na kofia.

Bungeni walimjua kwa neno moja, punguza. Punguza kodi, punguza tozo, punguza ofisi, punguza magari na wanaoyapanda. Haki yake tumpe: tozo za miamala ya simu alizipinga mpaka sauti ikamkauka, na siku ile hata wauza dagaa wa kule Karema walimpigia makofi. Shida ni kwamba makofi yale aliyachukua kama ruhusa ya kutukana. Alipokuja kufanya mkutano wa hadhara kijijini kwao, upande wa Kasokola, akasimama mwanamke mmoja wa Kisukuma, Mama Kija, mwenyekiti wa chama cha kuzikana, mtu mwenye sauti ya kuwatosha wawili. Aliuliza barabara ya kijiji itachongwa lini. Mheshimiwa akamtazama jicho lile la mwalimu kwa mtoto mzito.

"Mama, serikali haina shamba," akasema. "Kila inachokupa imemnyang'anya jirani yako kwanza. Mnataka barabara? Majembe si mnayo? Mtegemea cha nduguye hufa maskini."

Watu wakacheka, maana kuchekesha alijua. Mama Kija hakucheka. "Sawa, baba," akasema, akakaa.

Na imani hiyo aliiishi, tusimsingizie. Hakukopa, hakuomba, na fahari yake kubwa ilikuwa kwamba hapajazaliwa mtu wa kusimama hadharani aseme anamdai Telesphor. Kijijini kukitokea msiba alimtuma Japhet, katibu wake, na bahasha ya rambirambi, na bahasha zenyewe zilikuwa nene. Yeye hakuja. Msiba unakula siku nzima, na pale turubaini hakuna cha maana kinachosemwa.

Ndipo mama yake mzazi, Bibi Paskalia, akafariki. Alikuwa uani anachambua maharage, akaegemea ukuta, basi. Mama huyu aligoma miaka yote kuhamia Dodoma. "Huko nikifa nani atanililia," alikuwa akimuuliza mwanawe, "walinzi?"

Telesphor alilia njia nzima, na alilia kweli. Alikuwa mtoto wa pekee. Lakini katikati ya kulia akapanga: jeneza, kaburi, turubai, chakula, vyote kwa hela yake, asimpe mtu nafasi ya kuja kumwambia kesho kwamba tulikusaidia. "Mama yangu nitamzika mimi," alimwambia Japhet, akarudia kila walipovuka kizuizi cha polisi. Siku ile hakutaka kitu kingine duniani.

Walipokata kona ya kijijini, gari likaacha kuruka. Barabara ilikuwa imechongwa, nyororo, mifereji pande zote. Greda la serikali lilikuwa limepita alfajiri kwa sababu wakubwa walikuwa wanakuja kuzika, na sasa liliegeshwa kando, udongo mbichi bado umelishika. Mheshimiwa, ambaye bungeni aliweza kunusa lita moja ya dizeli ya umma iliyomwagika Mtwara, aligeuza uso akatazama mashamba. Yako matumizi ambayo hata adui wa matumizi hugeuka chongo akiyaona.

Mama Kija alikuwa anapita na mzigo wa kuni kichwani, na wenzake nyuma. Kioo cha gari kilikuwa wazi, hakujali.

"Bibi Paskalia ametuletea barabara," akawaambia. "Akiwa hai hakuweza. Kafa, kaweza."

Nyumbani uani kulishajaa. Masufuria yalikuwa mekoni, wanawake wanamenya ndizi, wanaume wanatoka na majembe kuelekea makaburini. Wapishi na wachimbaji ambao Japhet aliwakodi mjini Mpanda walikuwa wamekaa ndani ya Hiace yao, mikono wameikunja. Waliambiwa hawahitajiki.

Telesphor akamwita Mama Kija pembeni. "Mama, ahsanteni sana, ila nimekuja na watu wangu. Niambieni gharama yenu mpaka hapa, tumalizane."

"Gharama ya nini, baba?"

"Ya hii kazi."

"Hii siyo kazi. Tunazika mwenzetu." Mama Kija akamweleza taratibu, kama anayemwonyesha mgeni choo kilipo. Bibi Paskalia alizika nao miaka yote. Hata masika iliyopita, mgongo umeshapinda, alikuja misibani ameshika kikuni kimoja. "Kimoja, lakini alileta. Leo ni zamu yake. Hela yako weka, mtaweka mafuta kwenye gari."

Telesphor akatabasamu ndani kwa ndani. Aliwajua hawa. Sasa litafuata ombi: kisima, bati za zahanati, ada ya mtoto. Akasubiri. Mama Kija alishageuka, anamgombeza mtu aliyezidisha chumvi. Ombi halikuja, na hilo likamkera kuliko ombi lenyewe. Anayeomba alijua namna ya kumkatalia. Asiyeomba utamfanya nini?

Akakaza mwendo kwenda makaburini. Desturi ya pale kwao, jembe la kwanza hulipiga mtoto wa marehemu. Hilo alilikumbuka vizuri, na njiani alishavua koti. Akamkuta Selestini, jirani wa mama yake, waliyesoma naye shule ya msingi dawati moja, amesimama na jembe penye alama za kaburi.

"Lete," Telesphor akasema, mkono ameunyoosha.

Selestini hakulitoa. "Ndugu yangu, chama kina utaratibu. Jembe la kwanza anapiga mtoto aliyewahi kuchimbia wenzake. Wewe hujachimba hata kaburi la baba yangu, na simu nilikupigia mwenyewe."

"Nilituma bahasha."

"Ilifika. Tulinunua sukari."

"Selestini, huyu ni mama yangu!"

"Tunajua. Kuna aliyebisha? Nenda kakae turubaini na wageni, utachafua viatu."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali Telesphor angepata pa kushikia, angefoka, angewakumbusha yeye ni nani. Wanaume wale walimtazama tu, wakisubiri aondoke ili kazi ianze, jicho la kumtazama mtu ambaye hana msaada wowote. Alilijua lile jicho. Alikuwa akiwatazama nalo wao kila mkutano. Masikio yakamwaka kwa aibu. Selestini akapiga jembe, na wa pili akafuata, na Mheshimiwa akarudi na koti lake mkononi.

"Mpigie OCD wa polisi," akamwambia Japhet. "Waje wawaondoe hawa watu."

Japhet alikuwa kijana mtiifu, lakini mpumbavu hakuwa. "Nimwambie nini, Mheshimiwa? Kwamba kuna watu wanatuzikia bure?"

Mchana wageni wa Dodoma wakaingia na suti nyeusi, wakaisifu barabara. Katekista Gelasius akaongoza mazishi. Jeneza liliposhushwa akatangaza wafiwa wapite kuweka udongo, na Telesphor akasimama. Lakini Mama Kija na chama chake walishaanza kupita, mmoja mmoja, wanalia kwa sauti, "Mama Paska wee, umetuacha na nani!" Gelasius akamshika Mheshimiwa kiwiko, kwa heshima zote. Watu wa itifaki walikuwa wamempanga na viongozi, tena mstari wa mbele, kama alivyozoea kutaka mwenyewe.

"Subiri kidogo, Mheshimiwa. Viongozi nitawaita."

Akawaita. Telesphor akapita katikati ya wakubwa wawili ambao hawakuwahi kumwona mama yake hata kwa picha, akatupa kiganja kimoja cha udongo kama wao, akasogea kuwapisha wengine. Alitaka kupiga magoti. Nyuma foleni ilikuwa inasukuma.

Wali ulipikwa ukatosha, wageni wakala, wakaondoka. Mfukoni hela yake ilikuwa vilevile, haikupata hata chumvi ya kununua. Ndoto ya kila mpinga matumizi, na yeye ilimkaa kooni.

Jioni wafiwa walikaa kwenye mikeka mbele ya nyumba. Telesphor alikaa kiti cha plastiki, kwa kuwa ndicho alichopewa, na pale mkekani hakuna aliyemsogelea kumpa nafasi. Akaja Bibi Dorotea, rafiki wa mama yake tangu usichana, ametembea kutoka Mwamkulu na fimbo yake. Alipita mkekani akimshika kila mmoja mkono. "Pole, mwanangu," kwa Mama Kija. "Pole, baba, pole sana," kwa Selestini, na Selestini, mwanamume mzima, akalia begani kwake.

Telesphor akasimama akamngojea. Machozi yalishamfika machoni, na neno lile moja alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kura. Akainama, akampa mikono yote miwili.

Bibi Dorotea akaipokea, akaitikisa kwa adabu.

"Pole na safari, Mheshimiwa," akasema. "Wageni wetu mnarudi leo leo, au mtalala mjini?"

Hakungoja jibu. Akampita, akavua ndala zake mlangoni, akaingia ndani ya nyumba aliyozaliwa Telesphor, wala hakupiga hodi.